Nta ya Jikoni kwa Kalondu

Tangu alipoolewa katika boma la akina Muthama, chini ya vilima vya Mukuyuni, Mumbua hakuwahi kupata sababu ya kumheshimu shemeji yake Kisilu, na hakujisumbua sana kuitafuta. Kisilu alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Alikuwa na kitambi kidogo kigumu, kofia ya sufu aliyoivaa hata katika jua la Februari, na mizinga ya magogo iliyoning'inia kwenye migunga kuanzia korongoni hadi mpakani mwa shamba. Mizinga hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kama mtu aliyeajiriwa na Mungu mwenyewe. Mvua ikinyesha, alisema nyuki wake walikuwa wameinusa tangu jana. Isiponyesha, alisema nyuki wake walijua, ila yeye hakutaka kuwatia watu hofu.

Asali yenyewe Mumbua aliijua zaidi kwa harufu. Kisilu alipanda mti na mwenge wa majani makavu, akachoma nusu ya nyuki, akashuka na mfuko wa ngozi uliojaa masega, majana ya nyuki wachanga na majivu, vyote vimevurugana. Vikaenda vyote kwenye kibuyu cha kaluvu, ile pombe ya asali ambayo wazee walikuja kuinywa huku wakimsifu mwenye mizinga hadi kibuyu kikauke. Wanawake waliachiwa masega yaliyokwisha kukamuliwa, watafune. Kalondu, mke wa Kisilu, aliyapokea kwa mikono miwili huku amepiga goti. Mumbua alimtazama akipiga goti, akajisemea kwamba boma lile lilikuwa na vitu viwili vya kukalia: kigoda cha Kisilu na Kalondu.

Mwanamke hakukaribia mzinga. Ndivyo ilivyokuwa, na sababu zake zilibadilika kulingana na aliyeulizwa. Kuna aliyesema harufu ya mwanamke inawachafua nyuki. Mwingine alisema nyuki hawataki bangili. Mwingine alisema mwanamke hawezi kupanda mti bila watu wa chini kuona wasichopaswa kuona, na hiyo, kwa maoni ya Mumbua, ndiyo sababu pekee iliyosemwa na mtu aliyefikiri kidogo.

Mwaka wa sabini na tisa naibu wa chifu aliita baraza, na hapo akaletwa afisa wa mifugo kutoka Kitui. Watu walitarajia mwanamume mwenye kalamu mfukoni. Akashuka kwenye pikapu msichana mwembamba aitwaye Mwanamisi, wa familia ya Waislamu wa Kitui mjini, amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa suruali. Nyuma ya pikapu kulikuwa na sanduku refu la mbao, pana juu na jembamba chini, mfano wa hori la kulishia ng'ombe. Alilitundika kwa waya kati ya nguzo mbili, likafika usawa wa kiuno chake. Akafunua kifuniko, akaonyesha vijiti vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega, akaeleza kwamba nyuki watajenga sega moja moja chini ya kila kijiti, na mtu ataweza kuinua sega analolitaka na kuyaacha mengine yenye majana. Hapandi mti. Hachomi mtu wala nyuki. Anapuliza moshi kidogo kwa bomba, basi.

"Hii kazi akina mama wanaiweza," Mwanamisi alisema. "Mzinga uko chini, tena kazi yafanyika jioni mapema, jua lingalipo."

Wanaume walicheka. Kisilu alisimama, akavua kofia, jambo alilolifanya pale tu alipotaka kusikilizwa na watu wote.

"Binti yangu, nyuki hawezi kukaa mahali mbuzi anaweza kujikuna. Na hiyo suruali unataka bibi zetu wavae, sisi tutavaa nini?"

Wakacheka tena. Mumbua, aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake upande wa jua, hakumwona Mwanamisi kuwa mtu wa maana sana. Mikono yake ilikuwa laini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno kwa mtu anayezungumza habari za mbuzi na nyuki. Sanduku lile nalo lilimwonekea kama jeneza la mtoto. Lakini alimwona Kisilu akirudisha kofia kichwani polepole, uso umejaa raha, na moyo wake ukakata shauri papo hapo. Afisa alipouliza ni nani angependa kuandikishwa katika kikundi cha akina mama, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mumbua.

Watu waliomjua baadaye walisema alikuwa na maono. Hakuwa na maono yoyote. Alikuwa na shemeji.

Kikundi kilipata wanawake wa kutosha, kwa kuwa mwenyekiti wake alikuwa Syombua, mke wa mchungaji, na wanawake wa kanisa walimfuata Syombua kokote alikokwenda na mkoba wake mweusi. Syombua aliwaambia kwamba asali yao itakuwa ya dawa na ya chai, wala tone moja halitaingia katika kaluvu ya walevi. Hilo liliwatuliza waliokuwa wakiogopa kwamba kufuga nyuki ni kusaidia shetani. Kwa upande wa suruali, Syombua alipata ufumbuzi: kila mama avae ovaroli ya wizara, na juu ya ovaroli avae gauni lake, ili heshima isiharibike.

"Na nyuki wakiingia ndani ya gauni?" Mumbua aliuliza.

"Mama Ndolo, tutaomba," alijibu Syombua, akimwita Mumbua kwa jina la mwanawe.

Mumbua alimwona mke wa mchungaji kuwa mtu aliyekabidhi akili zake kanisani pamoja na sadaka.

Wizara ilitoa mizinga kwa mkopo wa kikundi, kila mwanachama mmoja wa kuanzia. Sasa ikaja shida ya mahali pa kuitundika. Hakuna mwanamke hata mmoja pale aliyekuwa na ardhi kwa jina lake. Aliyekuwa na mume nyumbani alimwomba mume. Aliyekuwa na mume mbali aliambiwa amsubiri. Muthama, mume wa Mumbua, alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini, na Kisilu ndiye aliyelichunga shamba la wote wawili kwa macho yake yote.

"Mzinga ya mwanamke haiingii kwa shamba ya baba yetu," Kisilu alimwambia, akiwa amesimama mlangoni pake kana kwamba anafukuza kuku. "Ngoja bwana yako akuje."

Muthama alikuja Pasaka. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kusema ndiyo kwa makuli wenzake, kwa wasimamizi na kwa kaka yake, na uzito wa ndiyo hizo zote ulikuwa umeinamisha mabega yake. Kisilu alimchukua kando siku nzima. Jioni Muthama aliingia jikoni, akaketi, akasokotasokota vidole.

"Mama Ndolo, watu watasema nini?"

"Watasema mke wa Muthama amefuga nyuki."

"Watasema nimeshindwa kukutawala."

"Hilo wanalisema tayari," alijibu Mumbua, akaendelea kupembua kunde. "Unataka niache nyuki ili waendelee kulisema bila sababu?"

Muthama akasema kuna pembe moja kule korongoni, mahali penye mawe, ambapo hapajaota hata mbaazi. Kama ni lazima, atundike huko. Alisema hivyo akitazama mlango, asije kaka yake akamsikia. Ilikuwa ruhusa, na Mumbua aliichukua, ila hakumshukuru. Mwanamume anayempa mkewe mawe huku akitetemeka, alifikiri, hajatoa kitu.

Alichimba mashimo ya nguzo yeye mwenyewe, akaufunga waya, akapaka grisi kwenye waya kuzuia siafu kama alivyofundishwa. Alilokataa ni lile la mwisho. Mwanamisi alikuwa amewaambia wapake nta ndani ya mzinga na kwenye vijiti, wasugue na mchaichai, ili nyuki wapelelezi wakipita wavutwe na harufu. Mumbua aliona huo ni upuzi wa watu wa mjini, wanaopaka kila kitu mafuta kabla ya kukitumia. Akauacha mzinga mkavu.

Msimu ukapita. Migunga ikachanua, ikapukutisha maua, na mzinga wake ukabaki na mjusi mmoja na utando wa buibui. Kisilu alijenga desturi ya kupita korongoni kila jioni.

"Shemeji, mjusi anatoa asali?"

Wenzake wawili watatu wa kikundi walikuwa wameshapata nyuki. Syombua alikuwa miongoni mwao, na siku ya kufungua mzinga wake kwa mara ya kwanza kikundi kizima kilikwenda kutazama, Mwanamisi akiwa mbele. Syombua alivaa ovaroli, juu yake gauni la bluu la Jumapili, juu yake chandarua cha uso. Kijiti cha kwanza alikivuta kwa haraka, sega likakatika, na nyuki wakafanya kile ambacho nyuki hufanya wakikutana na gauni pana lililo wazi chini. Syombua aliacha kila kitu akakimbia. Alilipita shamba la mihogo, akapita kwa jirani, gauni ameliinua hadi kichwani mbele ya wazee waliokuwa wakirudi sokoni. Ile heshima yote waliyoilinda ikaonekana na kila mtu.

Mwanamisi alimkimbilia na bomba la moshi. Wanawake wengine walipiga mayowe. Mumbua alicheka. Alicheka akishikilia nguzo, akacheka hadi machozi yakamtoka. Na alipofikishwa Syombua akiwa amevimba midomo, analia, Mumbua alisema kwa sauti iliyosikika, "Si tuliomba?"

Maneno hayo yalimgharimu. Jumapili iliyofuata Syombua hakutoa tangazo la kikundi kanisani. Wiki baada ya wiki wanawake walianza kuwa na shughuli: huyu mtoto anaumwa, yule mume amekataa, mwingine ameona kwamba kuku hawana maneno mengi. Kufikia mvua za Novemba kikundi kilikuwa kimekwisha, na mizinga mingi ilikuwa imegeuzwa viota vya kutagia kuku. Mumbua aliwaona wote kuwa watu wa kukimbia kitu chochote chenye mwiba. Kwamba kicheko chake kilikuwa na mwiba pia, hakulifikiria sana.

Mwanamisi alimfuata korongoni, akafunua mzinga wake mtupu, akapitisha kidole kwenye mbao.

"Hujapaka nta."

"Sikuona haja."

"Mama Ndolo, mimi sikuja hapa kukupenda wala kukuchukia. Paka nta. Nyuki hatajua kwamba hapa ni nyumba kama hapanuki nyumba." Akafunika, akashuka kwenda kwenye pikapu. Kwamba huenda msichana yule alisema kweli, hilo lilimuudhi Mumbua kuliko mjusi.

Shida ni kwamba nta ya nyuki katika kijiji kile ilitoka sehemu moja tu: kwa Kisilu, masega yaliyobaki baada ya kukamuliwa kaluvu. Kumwendea Kisilu na kumwomba nta ilikuwa kitu ambacho Mumbua angeweza kukifanya siku moja baada ya kufa. Akakaa hivyo, mzinga mtupu, kinywa kimefungwa.

Ndipo Kalondu alipokuja. Alikuja mchana, na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia umefunikwa kwa jani la mgomba. Aliuweka kizingitini, akabaki amesimama nje kama mtu aliyetumwa.

"Ni nini?" Mumbua aliuliza.

"Nta. Nimeiyeyusha nikaichuja."

"Nani amekutuma?"

"Nitumwe na nani?" Kalondu alisema. Hakukuwa na ubishi katika sauti yake, aliuliza tu. "Mimi ndiyo hutupa hizo masega kila siku. Nimesikia yule msichana akisema zinatakikana. Nikaona si vizuri kutupa."

Mumbua alimtazama mwanamke yule ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akisema sentensi mbili mfululizo. Alimwambia aingie. Kalondu akasema la, ana maharagwe motoni, lakini hakuondoka. Alitazama chini, kisha akauliza, "Ukiupaka mzinga, naweza kukuja kuona?"

Wakaupaka pamoja. Haukupita muda mrefu, kundi la nyuki likashuka kama moshi mweusi likaingia katika mzinga wa Mumbua, na korongo likajaa mvumo.

Siku hiyohiyo Kisilu alikuta mmoja wa mizinga yake ya mgungani umenyamaza. Aliupiga kwa fimbo, akasikiliza, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo. Alidai kwamba mke wa ndugu yake amewaiba nyuki wake kwa dawa.

Wazee walikutana mbele ya ghala la Kisilu. Waliletewa viti, na waliletewa kaluvu pia, na Mumbua aliona ni haki ya namna yake waamuzi kunyweshwa na mshtaki mbele ya macho ya mshtakiwa. Muthama alikuwa Mombasa. Mumbua aliketi chini peke yake, miguu ameinyoosha, wala hakuinamisha kichwa.

"Hao nyuki ni wangu," Kisilu alisema. "Baba yangu alifuga babu zao. Asali yote ya hilo sanduku ni yangu, na sanduku litolewe kwa shamba."

"Kama ni wako, waite," Mumbua alisema. "Tuko karibu. Waite watoke, nami nitakufungulia mlango."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kibuyu. Kisilu alivimba shingo.

"Wazee, mnamsikia? Amepaka hiyo sanduku nta ya boma yangu. Ametoa wapi nta? Ameiba. Nyuki wamefuata harufu ya nyumba yao. Aliyeiba nta ameiba nyuki."

Hapo wazee wakatazamana, kwa sababu hoja ile ilikuwa na miguu ya kusimamia. Wakaanza kunong'ona. Mmoja alipendekeza asali igawanywe nusu kwa nusu. Mwingine alisema mwanamke alipe mbuzi. Mumbua alijua akisema nta ilitoka wapi atamchoma Kalondu. Alikuwa mtu wa dharau nyingi, lakini hiyo haikuwamo. Akanyamaza, akajiandaa kushindwa.

Kalondu alikuwa akipita na kibuyu cha pili. Alikiweka chini. Hakupiga goti.

"Nta nilitoa mimi," alisema.

Kisilu aligeuka. "Ingia ndani."

"Nitaingia. Lakini wazee wameuliza." Aliongea akitazama mikono yake, polepole, kama anayehesabu mishono. "Wewe ukikamua asali, hayo mengine unasema nitupe. Nimetupa tangu niolewe. Hakuna siku umeniuliza nimetupa wapi. Ni takataka ya jikoni, na jikoni ni yangu. Nimempa Mama Ndolo."

Mzee Ndululu, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alisafisha koo. Watu wa huko baadaye waliusifu uamuzi wake kama kitu cha hekima kuu. Mumbua, aliyekuwa karibu, aliona mambo mawili: mgongo wa Ndululu ulikuwa ukimuuma akitaka kwenda nyumbani, na kaluvu ya safari hii Kisilu alikuwa ameiongeza maji. Ndululu alikitazama kibuyu, akamtazama Kisilu, akasema kwamba kitu ambacho mwanamume amekitupa hakiwezi kuibwa kwake, na kwamba nyuki hajawahi kutiwa alama sikioni kama ng'ombe. Sanduku libaki. Akaomba fimbo yake, akaondoka.

Kisilu hakumpiga Kalondu. Alifanya alichokiona kuwa kikubwa zaidi: aliacha kuongea naye. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Alitarajia mkewe avunjike. Kalondu alimwambia Mumbua, walipokuwa wakichota maji, kwamba hajawahi kulala vizuri hivyo tangu aolewe.

"Nataka sanduku yangu," alisema baadaye. "Nitakataliwa shamba. Naweza kutundika kwa yako?"

Kikundi kilikuwa kimekufa na mizinga ilikuwa inalaliwa na kuku. Mumbua alikwenda kwa mama mmoja, akamwambia amkabidhi mzinga wake kwa kuwa ameshauchafua vya kutosha, na mama yule akautoa ili aepuke kusikia zaidi. Wakaukwangua, wakautundika kwenye mawe kando ya ule wa kwanza.

Ovaroli ilikuwa moja. Walivaa kwa zamu, bila gauni juu. Na hapo Mumbua aligundua kitu ambacho hakukipenda: Kalondu alikuwa na mkono wa nyuki kuliko yeye. Mumbua aliwafungua nyuki kama mtu anayefungua mlango wa mdeni. Kalondu aliwafungua kama anayeinua kifuniko cha uji usiku watoto wakiwa wamelala. Mumbua aliumwa kila mara. Kalondu mara chache. Kwa hiyo mwishowe Mumbua alibaki na bomba la moshi na kuchuja, na Kalondu akashika masega.

Asali yao ilikuwa safi, rangi ya chai nyepesi, haina majivu wala majana. Mukuyuni waliuza kidogo, lakini watu wa huko walikuwa wamezoea asali nyeusi ya magogo, wakasema hii nyeupe imetiwa sukari. Mumbua aliwajibu wanunuzi hao kwa namna ambayo hawakurudi. Kalondu ndiye aliyependekeza Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa, ambako madereva wa malori hulala na kula. Alikwenda yeye. Mwenye hoteli mmoja pale, Othman, alionja kwa ncha ya kijiko, akaonja tena.

"Bibi, asali hii haina moshi," alisema. "Niletee yote uliyonayo, na uniahidi hutampa jirani yangu."

Mumbua aliposimuliwa habari hizo alisema huyo Othman ni mfanyabiashara tu, asiwadanganye. Lakini alianza kuosha chupa mara mbili.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne, ambao kila mtu wa Ukambani wa umri wao anaujua. Mvua haikunyesha. Migunga haikuchanua. Nyuki waliondoka asubuhi moja kutoka kwenye masanduku, na wiki hiyohiyo wakaondoka kwenye magogo ya Kisilu, bila kubagua. Mwanamisi alikuwa amehamishiwa kwingine, hakukuwa na wa kumuuliza. Watu walikula unga wa manjano wa msaada, wakauza mbuzi waliobaki mifupa. Wale akina mama wachache waliokuwa bado na mizinga waliichanja kuni. Syombua alipita kwa Mumbua akamwambia kwa upole, bila kumsimanga, kwamba pengine Mungu hakuutaka mradi ule.

"Na magogo ya Kisilu, Mungu aliyataka?" Mumbua aliuliza. Syombua akaendelea na njia yake. Mumbua alimwangalia jinsi alivyokonda, mkoba mweusi ukimning'inia begani kama umekuwa mkubwa, na kwa mara hiyo moja hakuona raha ya kuwa amesema la mwisho.

Hakuichanja mizinga. Kila alipopata kipande cha nta alipaka. Kalondu alimuuliza kama anaamini watarudi. Mumbua alisema haamini chochote, ila hataki kumwona Kisilu akicheka. Mvua iliporudi, nyuki nao walirudi, na waliwahi masanduku yaliyonukia kabla ya magogo yaliyokauka.

Kisilu alianguka mnamo mwaka wa themanini na tisa. Kamba aliyoitumia miaka yote ilikatika, akashuka na mwenge wake, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitalini na magongo mawili, na mizinga yake ikabaki juu akiitazama kutoka chini. Vijana wa boma walikuwa Nairobi na Mombasa. Hakuna aliyetaka kupanda mti kwa ajili ya kaluvu ya mzee.

Kalondu alikuja korongoni siku moja, akasimama pembeni kama alivyosimama siku ile ya mkebe.

"Anataka sanduku," alisema.

Mumbua aliweka bomba chini. Alikuwa ameisubiri siku hii miaka kumi bila kujua, na sasa ilikuwa imefika, imeiva. Aliona kila kitu: Kisilu na magongo yake, kofia mkononi, akiyatafuta maneno.

"Aje aniombe mwenyewe."

"Nimekuomba mimi."

"Wewe hujanikosea. Yeye ndiye."

"Mama Ndolo," Kalondu alisema, "mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Ukimfanya akuje hapa na hayo magongo kukuomba, utafurahi leo. Mimi nitakaa naye na hiyo hasira mpaka azikwe. Sitaki."

Mumbua alisaga meno. Akasema kwamba shemeji yake ni mtu bure, amekuwa mtu bure tangu alipozaliwa, na mti ule umefanya kazi ambayo ukoo ulishindwa kuifanya. Akaendelea hivyo kwa muda. Kalondu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha Mumbua akachukua waya.

Waliutundika karibu na nyumba, mahali ambapo Kisilu angeweza kuufikia kwa magongo. Yeye aliketi kwenye kigoda akitoa amri: nguzo ile imelala, waya umelegea, upande wa mlango uelekee jua. Hakuna amri hata moja iliyokuwa sahihi. Wanawake waliendelea na kazi. Walipomaliza alimwambia mkewe, si Mumbua, kwamba si vibaya. Yalikuwa maneno mengi kwake, na Kalondu alionekana kuyapokea. Mumbua alisema mbele ya wote wawili kwamba hajatundika mzinga ule kwa ajili yake, akaondoka na koleo lake.

Muthama alistaafu mwaka wa tisini na mbili, akarudi nyumbani na redio na kikohozi. Akawa anakaa dukani na wenzake alasiri. Ni yeye aliyekuja kumwambia Mumbua, akicheka kidogo kwa woga, kwamba Kisilu amewaeleza watu wa mradi mpya, waliokuja na gari kubwa jeupe, jinsi alivyoyaleta masanduku ya nyuki kijijini, na jinsi alivyowahimiza akina mama wasiogope. Watu wa mradi walimpiga picha akiwa amesimama kando ya mzinga, kofia mkononi.

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Ni kaka yangu."

Mumbua alimtazama mumewe, akaona hakuna jipya. Akachukua ovaroli, akateremka korongoni alikokuwa Kalondu, akamsimulia. Kalondu alicheka. Alicheka akiwa amefunika mdomo kwa glavu, mabega yakamtikisika, hadi nyuki wawili watatu wakaanza kumzunguka kichwani.

"Sioni cha kuchekwa," Mumbua alisema. "Mtu huyo hana aibu."

"Hana," Kalondu alikubali, akapangusa macho. "Lete moshi."

Mumbua akaliwasha bomba, akalipuliza mara mbili tatu hadi moshi ukawa mweupe, na Kalondu akainua kijiti cha kwanza.